Dondoo Muhimu: Muziki Ndani ya Tuktuk

Tuktuk haina milango, kwa hiyo besi yote hukimbilia barabarani. Kuongeza spika hakusaidii sana. Mbili tu, kwenye boksi lililozibwa nyuma ya abiria, zinatosha kutoka Kisauni hadi Bamburi, Mombasa.

Spika za karatasi achana nazo. Chumvi ya Likoni na mvua za masika huzilainisha mpaka zikakoroma. Tafuta zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, zile zinazotengenezewa boti.

Hatari iko kwenye waya. Amplifaya ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri, kwa waya wa shaba halisi. Mwingi wa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue uone weupe ndani. Fyuzi isipite sentimita 45 kutoka betri, la sivyo waya ukichunika, moto. Upande wa hasi, kwangua rangi ya bodi, kaza bolti, kisha paka grisi kuzuia kutu.

Kwenye foleni ya feri, injini ikizimwa, zima na muziki, ama utasukuma.

Abiria akiomba upunguze sauti, punguza: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 ziko upande wake.