TUSOME, TUZUNGUMZE, TUELEWE

Ndugu mwanakisomo, sasa unajua kusoma na kuhesabu. Hongera. Lakini kutamka maneno ni jambo moja, na kuyaelewa ni jambo jingine. Katika somo hili tutaona jinsi mazungumzo darasani yanavyotusaidia kuelewa.

Tuchukue mfano. Mwalimu ameleta darasani bahasha ya dawa. Juu yake pameandikwa hivi: Vidonge 2 x 3, siku 5. Wanakisomo wanasoma bila kukosea. Mwalimu anauliza, "Je, mgonjwa atafanya nini?"

Mzee mmoja anajibu, "Atameza vidonge sita kwa pamoja."

Mama mmoja anasema, "Sivyo, baba. Ni viwili asubuhi, viwili mchana na viwili usiku."

Mwalimu anamwuliza mama, "Umejuaje?" Mama anaeleza. Namba ya kwanza ni vidonge vya kumeza kwa wakati mmoja. Namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Mzee anashukuru. Kama angenyamaza, angekwenda nyumbani na kosa lake. Kosa la dawa laweza kuua mtu.

Sasa tuhesabu. Bahasha iwe na vidonge vingapi? Kijana anasema, "2 mara 3 ni 6 kwa siku. 6 mara 5 ni 30." Mama anasema, "Kwa siku 5, vya asubuhi ni 10, vya mchana 10, vya usiku 10. Jumla 30." Njia ni mbili, jibu ni moja. Mwenye kuelewa hesabu hii atahesabu dawa yake kabla ya kuondoka zahanati. Akikuta vidonge 28, atauliza.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa vijijini, kwa sababu watu walielewa walichosoma.

Basi, katika darasa lenu fanyeni hivi:

1. Someni habari kwa sauti.
2. Kila mmoja aieleze kwa maneno yake mwenyewe.
3. Anayekubali atoe sababu. Anayekataa naye atoe sababu.
4. Msimcheke aliyekosea. Kosa lake limewafundisha wote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bahasha imeandikwa: Kidonge 1 x 2, siku 7. Mgonjwa atameza dawa namna gani? Vidonge vyote ni vingapi? Kila mmoja aeleze njia aliyotumia.
2. Ni nani hajasema neno darasani leo? Tumsaidie namna gani?