Injini Nayo Hupumua

Umewahi kuona Mercedes-Benz yenye neno Kompressor nyuma? Ina supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, ikisukuma hewa ndani kwa nguvu. Magari ya Mercedes ya aina hii yalionyeshwa Berlin mwaka wa 1921. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huungua na gari linakazana.

Sasa kuna madereva wanaotoa boksi la hewa la kiwandani na kufunga kichujio kikubwa kilicho wazi. Kazi si ngumu: ngoja injini ipoe, toa waya wa hasi wa betri, legeza klipu, hamisha sensa ya hewa polepole, funga paipu mpya. Lakini kaza sawasawa! Paipu ikivuja baada ya sensa, hewa isiyopimwa inaingia, petroli inapungua mno, injini inakosa raha. Vumbi nalo likipenya hukwaruza rota za supachaja, ambazo huzunguka zikikaribiana bila kugusana.

Tena kichujio kilicho wazi huvuta joto la injini, na hewa moto ni nyepesi. Nguvu itatoka wapi? Mngurumo utausikia, kweli. Mimi ningeliacha boksi la kiwandani, nibadilishe kichujio cha ndani tu.