Usipokee Oda ya Mboga Kabla Tenki Halijakomaa

Wauzaji wenzangu, hili nimelijua kwa hasara. Huku Maore jua ni kali, nikaona nifuge perege kwenye tenki, maji yao yapande kwenye kokoto nilikopanda mchicha, kisha yarudi kwa samaki. Siku hiyohiyo nikaposti, watu wakatuma hela. Wiki ya pili samaki wakafa. Nikarudisha hela za watu.

Kosa langu? Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria kwenye kokoto ndio huigeuza iwe naitreti, mbolea ya mboga. Kuzaliana vya kutosha huwachukua kama wiki 4 hadi 6.

Anza na samaki wachache, lisha kidogo. Oda pokea mchicha ukishakua. Picha ya tenki siyo mzigo, jamani.