Kompyuta Isiyopata Anwani: Mafunzo Niliyopata Katika Kazi ya TEHAMA Maofisini

Anayehudumia kompyuta za maofisini Dar es Salaam huizoea sentensi moja: "Kaka, mtandao hamna." Lawama huenda moja kwa moja kwa kampuni ya intaneti. Lakini mara nyingi intaneti ipo, ila kompyuta haijapewa anwani ya IP ya kuifikia.

Kompyuta ikiwashwa hupiga hodi kwenye mtandao mzima, ikitafuta wa kuipa anwani. Seva ya DHCP, ambayo katika ofisi ndogo huwa ni ruta yenyewe, hujibu kwa kupendekeza anwani. Kompyuta huiomba anwani hiyo rasmi, na seva huithibitisha. Hatua ni hizo 4 tu, na kazi yote ya kutafuta hitilafu ni kujua mazungumzo yamekatikia wapi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Soma namba kabla ya kugusa chochote

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig /all. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imejipa namba yenyewe baada ya kukosa jibu la seva. Inaweza kuzungumza na jirani mwenye namba ya aina hiyo, lakini haivuki ruta. Ukiambiwa hakuna muunganisho kabisa, shughulika na waya. Ukikuta anwani inayoonekana nzuri lakini si ya ukoo unaotumika ofisini kwenu, ruka hadi funzo la 5.

2. Uliza nani mwingine amekosa

Swali hili huokoa muda kuliko kifaa chochote. Akikosa mtu mmoja, chunguza waya wake, tundu lake kwenye swichi na kompyuta yake, ikiwemo huduma ya DHCP ndani ya Windows, ambayo huenda imezimwa. Wakikosa watu wa chumba kimoja, nenda kwenye swichi ya chumba hicho. Ikikosa ofisi nzima, usipoteze muda kwenye meza za watu. Nenda kwa seva au ruta.

3. Waya hauheshimu cheo

Mguu wa kiti, panya wa darini, kichwa cha waya kilicholegea: hivi huharibu kazi ya mkurugenzi na ya mlinzi sawasawa. Tazama taa za tundu la swichi, kisha jaribu waya mwingine unaojua ni mzima.

4. Anwani huisha

Mtandao wa kawaida wa ofisi ndogo una anwani 254 zinazoweza kutumika, na ruta huenda imepangiwa kugawa sehemu tu ya hizo. Kila mfanyakazi ana laptopu na simu, wageni wa mkutano wanaunganisha simu zao, na printa nazo zinahitaji nafasi. Kila anwani hukodishwa kwa muda maalumu. Kwenye seva ya Windows muda wa kawaida ni siku 8, hivyo simu ya mgeni aliyepita Jumatatu inaweza kushikilia anwani hadi wiki inayofuata. Dalili yake ni kwamba waliowahi asubuhi wanafanya kazi vizuri, wanaochelewa wanakosa. Dawa si kununua ruta mpya. Wageni wapewe Wi-Fi yao ya pembeni, muda wa kukodisha kwao ufupishwe uwe wa saa chache, na wigo wa anwani upanuliwe.

5. Mjue mgawaji asiyealikwa

Hii ndiyo hitilafu inayochosha mafundi wengi. Mtu anaona Wi-Fi ni dhaifu mezani kwake, ananunua ruta ndogo Kariakoo na kuichomeka kwenye mtandao wa ofisi kupitia tundu lisilo sahihi. Ruta ile nayo inaanza kugawa anwani. Kwa kawaida kompyuta huchukua pendekezo linalofika kwanza, kwa hiyo baadhi ya watu wanapata anwani sahihi na wengine wanapata isiyowafikisha popote. Kesho yake wanabadilishana zamu.

Kumpata si vigumu. Katika majibu ya ipconfig /all kuna mstari unaotaja seva ya DHCP iliyotoa anwani. Ikiwa si ya ofisi, andika arp -a upate namba ya MAC ya kifaa hicho, kisha uitafute kwenye orodha ya swichi ujue kimechomekwa tundu gani. Kama swichi yenu ina DHCP snooping, iwasheni: itakataa anwani kutoka kwa yeyote asiyeidhinishwa.

6. Umeme ukirudi, subira ina sababu

Baada ya umeme kukatika, kompyuta zinaweza kuamka kabla ya seva au ruta kuwa tayari, zikaishia na 169.254. Baadhi ya swichi kubwa nazo hungoja kama sekunde 30 kabla ya kupitisha mawasiliano kwenye tundu, kwa kuhofia mawasiliano kuzunguka bila kikomo. Mara nyingi ipconfig /release na kisha ipconfig /renew hutosha. Kinga yake ni UPS kwa ruta, seva na swichi, kabla ya kufikiria UPS ya meza ya bosi.

7. Anwani ya mkono ni deni

Fundi mwenye haraka huandika anwani kwa mkono na kuondoka. Kompyuta inafanya kazi, anashukuriwa. Baadaye seva inampa mtu mwingine anwani ileile, na wote wawili wanasumbuka. Laptopu nayo ikienda nyumbani inagoma. Kwa printa na vifaa visivyohama, tenga anwani ndani ya seva yenyewe, ili kila kitu kibaki kwenye orodha moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuipigia simu kampuni ya intaneti, andika ipconfig /all na umsomee fundi wako namba unayoiona. Atajua aanzie wapi kabla hajatoka kwake.