Kujua Mali Ilikotoka: Ng'ombe Mmoja Mmoja na Kahawa ya Fungu

Mkulima apelekapo kahawa yake chamani, hupimiwa, hupewa stakabadhi, kisha gunia lake humwagwa pamoja na ya jirani zake. Tangu saa ile hakuna awezaye kutazama punje moja na kusema, "Hii ni ya fulani." Sivyo ilivyo kwa ng'ombe. Ng'ombe aliyevishwa hereni yenye namba huenda na namba yake toka zizini hata machinjioni. Somo hili laeleza njia hizo mbili za kufuata mali, na faida ya kila moja.

Mnyama mmoja mmoja

Katika Uingereza, mwezi Machi 1996, Serikali ilitangaza kwamba yaelekea ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe umewapata watu. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku nyama ya ng'ombe itokayo nchini humo, na mfugaji ambaye zizi lake lilikuwa salama akapata hasara pamoja na mwenzake. Baada ya hayo, kila ndama aliyezaliwa tangu tarehe 1 Julai 1996 aliandikiwa pasi yake, na mwaka 1998 likaanzishwa daftari moja la kuandikia safari za ng'ombe. Tanzania nayo ilitunga sheria ya kutambua, kusajili na kufuatilia mifugo mwaka 2010.

Mali ya fungu

Punje ya kahawa haivishwi hereni. Kwa hiyo namba hupewa fungu, yaani kahawa iliyopokewa kwa siku zijulikanazo, kutoka kwa wakulima walioandikwa majina. Mafungu mawili yakichanganywa, lazima fungu jipya lipewe namba yake, na daftari litaje namba zote mbili za kwanza. Mahali pa kuchanganya ndipo habari hupotea. Ndipo pa kuandika kwa uangalifu kuliko pengine pote.

Tena mizani ni shahidi. Kahawa ya maganda kilo 100, iliyokauka vema, hutoa kahawa safi kilo 80 hivi. Ikiwa kilo 1,000 za maganda zimeingia kiwandani, na kilo 950 za kahawa safi zimetoka, jueni kwamba kahawa ngeni imetiwa ndani. Zikitoka kilo 600 tu, nyingine imepotea, au imeibwa, au haikuwa kavu.

Faida kwa mkulima

Tuseme chama kimepeleka magunia 300, na katika baadhi yake imeonekana kuvu, kwa sababu mtu mmoja alileta kahawa yenye maji. Kama mafungu yana namba, magunia 20 ya fungu lile yatatengwa, na 280 yatauzwa kwa bei yake. Kama hayana, yote yatashukiwa, na aliyeanika kwa bidii atalipwa sawa na mvivu.

Pia, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 juu ya kahawa, ng'ombe na mazao mengine kadha wa kadha. Sheria hiyo yataka ijulikane shamba zao lilipotoka, na kwamba msitu haukufyekwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Siku ya kuanza kutumika iliahirishwa zaidi ya mara moja. Lakini mkulima mwenye habari za shamba lake zilizoandikwa hatashtuka siku hiyo ifikapo.

Mambo ya kufanya

1. Shamba lako liandikishwe chamani: mahali lilipo, ukubwa wake, na hesabu ya mibuni.
2. Usiuze kahawa ya mtu mwingine kwa jina lako, hata akiwa ndugu yako.
3. Tazama mizani mwenyewe, na uweke stakabadhi zote mpaka malipo ya mwisho.
4. Mwulize karani namba ya fungu ulimotiwa, uiandike juu ya stakabadhi.
5. Kahawa yenye maji, au iliyochafuka, ianikwe na kuchaguliwa mbali. Isifichwe katikati ya gunia.
6. Ng'ombe akiuzwa, akifa au hereni yake ikidondoka, toa habari mapema.

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Yahitaji kalamu, daftari na uaminifu wa kila siku. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.