Jina lako umelitoa wapi?

SWALI: Nauza mawese kwenye duka la jumla hapa Muhuta, Burundi. Naitwa Ramadhani, jina la pili ni la Kirundi. Mwenzangu wa kazini kila siku ananichimba: baba wa wapi, mlirudi lini kutoka Tanzania, Mrundi gani huyu? Nimjibu nini?

JIBU: Ndugu yangu, kuulizana ni kawaida yetu. Watoto wa tumbo moja hupewa majina ya Kirundi yasiyofanana kabisa, kwa hiyo mtu huuliza mzazi na kilima ili ajue anaongea na nani. Lakini “mlirudi lini” si swali jepesi pwani hii ya ziwa. Wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliporudi walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, na ugomvi wa ardhi Rumonge bado unauma. Hukuniambia kama kwenu mlikimbia, na mimi sikuulizi.

Mwite pembeni, mwambie mara moja: “Kaka, mimi ni wa hapa. Ya nyumbani tuyaache nyumbani.” Usianze habari za babu, maana atataka na za babu wa babu. Akirudia mbele ya wateja, muulize: “Unataka kujua kwa nini?” kisha nyamaza. Wengi hapo hukosa la kusema.

Akigusa kabila, au zamu na malipo yakianza kufuata jina, huo si umbea tena. Andika tarehe na maneno yake, mpelekee tajiri. Kifungu cha 22 cha Katiba yetu ya 2018 kinakataza kumbagua mtu kwa asili au kabila lake.