Ramani ya simu ya kutegemewa Mwamanyili

Bodaboda anayepigiwa simu usiku akamchukue mgonjwa kitongojini hapewi jina la mtaa. Anaambiwa apite lambo, aache njia ya mnadani, akikuta mbuyu akate kulia. Mzaliwa wa hapo atafika. Mgeni anafungua simu, na hapo ndipo uzuri au ubovu wa programu ya ramani unapojulikana.

Kata ya Mwamanyili iko wilayani Busega, mkoani Simiyu, jirani na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma inayokatiza wilaya hiyo haisumbui programu yoyote, wala lami ya Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa kama kilomita 72. Maswali huanza lami inapoachwa.

Bando likiisha, ramani nayo inakufa?

Haifi, mradi ramani yenyewe imeshahifadhiwa ndani ya simu. Wengi huchanganya mambo mawili. Satelaiti za GPS, zinazozunguka dunia zikiwa juu kama kilomita 20,200, hurusha mawimbi bila malipo, na simu huyapokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Hakuna senti inayokatwa. Kinachokula bando ni kushusha picha ya ramani, kutafuta majina na kuuliza hali ya foleni.

Kuna jaribio la dakika chache linalofaa kufanywa kabla ya safari. Pakua ramani ya mkoa ukiwa na mtandao mzuri, washa modi ya ndege, kisha toka nje ya nyumba ya bati usimame uwanjani. Mara ya kwanza nukta inaweza kuchelewa, kwa sababu mtandao wa simu ndio huisaidia kujua haraka satelaiti ziko wapi. Ikishatulia, penye anga wazi hukosea kwa takribani mita 5 tu. Programu inayogoma kuonyesha njia katika hali hiyo haifai vijiji vya Busega, hata iwe na sifa gani mjini.

Ipi basi: Google Maps, Waze au nyingine?

Waze, iliyonunuliwa na Google mwaka 2013, ni hodari palipo na foleni, maana taarifa zake hutoka kwa madereva wenyewe walioko barabarani. Dar es Salaam inasaidia sana. Kwenye njia inayopitwa na magari matatu kwa siku haina wa kumuuliza, tena inahitaji mtandao kupanga safari.

Google Maps ina majina mengi ya maduka na hoteli, na tangu 2018 inatumika kwa Kiswahili. Eneo linaweza kuhifadhiwa simuni, lakini bila mtandao hutoa maelekezo ya gari pekee. Mwenda kwa miguu hana lake. Organic Maps, iliyoanza 2021, hufanya karibu kila kitu bila mtandao, kwa gari, baiskeli au miguu, haina matangazo na haifuatilii nyendo za mtumiaji. OsmAnd ina uwezo mkubwa zaidi ila inahitaji uvumilivu kuizoea, na toleo lake la bure huweka kikomo cha ramani za kupakua.

Kwa Mwamanyili, Organic Maps iwe ya kwanza, na Google Maps ikae pembeni kwa safari za Mwanza.

Mbona inaijua Lamadi lakini haijui njia ya kitongoji?

Kwa sababu hakuna aliyeichora. Organic Maps na OsmAnd hutumia data ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao ramani yake huchorwa na watu wa kawaida. Penye mchoraji pana njia. Pasipo naye ni peupe.

Mfano mkubwa uko jirani, Mugumu wilayani Serengeti. Wanaharakati waliokuwa wakiwaokoa wasichana wasikeketwe walipata taarifa usiku, gari likawepo, lakini kijiji hakikuwa kwenye ramani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map: watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakachora nyumba na njia kwa kutazama picha za satelaiti, na wenyeji wakaongeza kwa simu zao majina ya vijiji, shule na zahanati. Hilo la pili haliwezekani kwa mtu aliyekaa London. Picha huonyesha paa. Ni mwenyeji tu anayejua kwamba paa hilo ni zahanati.

Kijana wa Mwamanyili anaweza kuongeza kisima au zahanati kupitia Organic Maps yenyewe. Mabadiliko huingia kwenye data ya wote, na wengine huyaona ramani zao zinaposasishwa.

Jina limeandikwa sawasawa, mbona inapeleka kwingine?

Usukumani majina mengi ya mahali huanza na Mwa-, yaani kwa fulani: Mwandoya na Mwanhuzi ziko Meatu, Mwamapalala iko Itilima. Herufi mbili zikikosewa, safari inageuka. Atakayeandika Ramadi badala ya Lamadi anaweza kuonyeshwa mji wa Irak. Aidha, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, Busega ilikuwa sehemu ya Magu mkoani Mwanza, hivyo orodha za zamani zinaweza kuiweka huko.

Njia salama ni kutumiana nukta, si jina. Aliyeko nyumbani abonyeze mahali alipo, atume namba za latitudo na longitudo kwa meseji ya kawaida. Alama ya kutoa isiachwe: Bariadi iko karibu na -2.8, 33.98, na bila alama hiyo msafiri anaelekezwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Masika je?

Hapa hakuna programu ya kuaminiwa peke yake. Njia iliyochorwa Agosti, ardhi ikiwa kavu, huonekana ileile Machi, wakati udongo mweusi wa mbuga unanasa hata trekta na korongo limejaa. Simu hupanga njia fupi. Haijui kwamba mvua ilinyesha jana. OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika kuwa mahali ni kivuko cha maji kisicho na daraja, na wanaozijua njia hizo wakiziandika, programu itakuwa na cha kusoma. Kwa sasa, dereva wa lori la pamba anayeingia vijijini apige simu kwanza kwa mtu aliye ng'ambo ya korongo.